Mara Tatu kwenye Kamba

Mume wangu alikuwa plonjeri wa almasi, mpiga mbizi wa kuchota changarawe yenye almasi. Alishuka chini ya mto Tshopo, mbali kidogo na barrage, lile bwawa la umeme, akiwa na mpira wa kuvutia hewa mdomoni. Mimi nilibaki juu ya chelezo pamoja na wanaume wawili wa kuchekecha changarawe, nikiangalia mashine iliyomsukumia hewa na kushika kamba iliyofungwa kiunoni mwake. Nilifanya kazi hiyo miaka mitatu, na sikumbuki hata siku moja niliyoifanya bila hofu.

Hofu hiyo ilizidi siku mjomba wangu, tonton, mwalimu wa univasite, alipokuja kwetu kula pondu, mboga ya majani ya mihogo. Alikuwa amesoma utafiti juu ya wapiga mbizi wa Ulaya, wale wanaobeba mashine inayosafisha pumzi yao ili waivute tena.

"Bale batu balifundishwa sana," alisema. "Lakini hewa ikiharibika, bengi habajue. Kichwa inalewa, mutu anaona kila kitu iko muzuri. Donc, basi, usingojee yeye mwenyewe akuambie. Umuulize na kamba. Asipojibu sawa, uvute."

Mume wangu alicheka. "Tonton, mimi nitasikia. Niko na miaka kumi ndani ya mayi."

Hata hivyo tulipatana: nikivuta mara moja, ajibu mara mbili.

Asubuhi moja upepo uligeuka. Nilipoinua kichwa, moshi wa mashine ulikuwa ukirudi na kuingia pale pale inapovutia hewa. Kuizima sikuweza, ndiyo iliyokuwa pumzi yake. Nikavuta kamba. Kimya. Nikavuta tena. Akajibu mara tatu, polepole, kama mtu anayecheza. Mara tatu haikuwa na maana yoyote kati yetu.

Wiki iliyotangulia nilikuwa nimempandisha bure, akanigombeza mbele ya wote. Je, nikikosea tena? Nikawaza watoto wetu, nikaita wale wawili, tukavuta kwa nguvu zote.

Alitokea akitabasamu. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote. Alitusukuma, akataka kurudi chini.

"Muniache! Niko muzuri! Mama, kwa nini unanivuta?"

Kisha macho yakageuka, akatapika, akaanguka juu ya changarawe. Tulimpeleka hospitali kwa pikipiki, mimi nyuma nimemkumbatia, nikisikiliza mgongoni mwake kama bado anapumua. Walimwekea oksijeni, na siku ya pili akafumbua macho, akaniita.

Leo analima mihogo upande wa Masako. Kichwa humuuma, na wakati mwingine anasahau alichotumwa. Hajashuka tena majini.

Niliwahi kumuuliza alisikia nini mwilini kule chini siku ile. Aliegemea mpini wa jembe.

"Kitu hapana," alisema. "Ilikuwa siku muzuri kabisa."

Nilisikia baridi juani. Sijamuuliza tena.