Wazazi Waliopotea wa Shangazi

Shangazi yangu alikuwa mtu wa msimamo, na msimamo wake mkuu ulikuwa huu: mtoto hapotei. Mtoto yupo pale pale alipo, anamenya karanga zake na kutazama watu. Anayepotea ni mzazi. Jambo hilo alilishikilia miaka yote aliyofanya kazi kwenye bustani ya michezo ya watoto, katika chumba chenye kibao kilichoandikwa WATOTO WALIOPOTEA. Kibao chenyewe alikitumia kutundikia mkoba.

Mimi nilikuwa nauza aiskrimu kwenye dirisha la jirani, ukuta mmoja na yeye, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Bustani yetu, tusidanganyane, haikuwa na makubwa. Kulikuwa na treni ndogo ya kuzunguka bwawa la bata, bembea, farasi wa mbao, kasri la kurukia ambalo liliishiwa upepo kila adhuhuri likajilaza na watoto ndani, na twiga wa saruji ambaye saruji iliisha kabla ya kufika shingoni. Watu waliwapiga watoto picha mbele yake huku wakibishana kama ni punda. Lakini kila mwisho wa wiki familia zilimiminika, na katika msongamano ule watu walipotezana kama kawaida.

Ndani ya chumba cha Shangazi mlikuwa na benchi refu, ndoo ya maji, feni iliyozunguka pale ilipojisikia, na kipaza sauti. Kwa ajili ya kipaza hicho wafanyakazi wote walimwita Bi Kipaza. Mimi nilibaki na Shangazi, maana asingenisamehe.

Kwingineko mtoto akipotea huulizwa jina lake, akaanza kulia. Shangazi hakuuliza jina. Alimkalisha mtoto kwenye kiti chake mwenyewe na kumuuliza amepotea nani na yukoje, kisha akatangaza neno kwa neno. Bustani nzima ilisikia kwamba amepotea baba mmoja mwenye kitambi, anayevuta sigara nyuma ya vyoo kwa sababu mama hajui. Amepotea mama mmoja, nywele si zake, akikasirika huongea taratibu sana. Amepotea babu, hujifanya hasikii. Atakayemwona amlete, mtoto anamsubiri wala hana wasiwasi.

Mzazi akifika, anahema, jasho linamtoka, hakukabidhiwa mtoto hivi hivi. Alikalishwa kwenye benchi, mgongo kwa mtoto, akaulizwa mwanawe amevaa nini siku hiyo. Akikosea, akae afikiri. Shangazi alisema hawezi kumpa mtoto mtu asiyemjua. Wapo waliokaa mpaka wakaagiza aiskrimu mara mbili, nami sikuwa na lalamiko.

Watoto walinogewa. Treni ikawa inazunguka na dereva peke yake, na mlangoni kwa Shangazi kukawa na foleni ya watoto waliowatoroka wazazi wao makusudi ili nao wawatangaze. Kuna mama alikuja mwenyewe, hana hata mtoto mkononi, akaomba atangazwe kuwa amepotea na asitafutwe kabla ya jioni. Shangazi alimtangaza.

Aliyeharibu mambo ni mheshimiwa mmoja, mwenye walinzi na miwani ya giza, ambaye mwanawe alitangaza kuwa baba anaogopa bata. Mheshimiwa alilalamika. Meneja wetu alikuwa mtu wa tai na simu, tulimwona zaidi akipita kuliko akifika, na siku hiyo alimwita Shangazi ofisini. Alimwambia, bila kuinua macho kutoka kwenye simu, kwamba Ijumaa chumba kingefungwa. Mahali pake ingewekwa mashine ya kioo cha kugusa, mtoto abonyeze mwenyewe kuwa amepotea. Na yeye Shangazi angehamia kusafisha bwawa la bata.

Nilizoea kumsikia akifoka. Safari hii alirudi, akakaa, akaanza kukifuta kipaza sauti kwa ncha ya mtandio.

"Bata hawana wanachotangaza," aliniambia kupitia dirishani.

Iliniuma, nasema kweli. Yule mwanamke hakuwa na kitu kingine alichokipenda vile. Nilimtukana meneja, kwa sauti ya chini, maana nami nilikuwa na dirisha langu la kulinda.

Ijumaa, jua linachoma utosi, aliingia binti mdogo aliyevaa viatu vya mvua na gauni la kulalia chini ya sweta. Hatukuwahi kumwona. Alijipandia kwenye kiti mwenyewe, akasema amempoteza baba. Shangazi aliuliza alipotelea wapi.

"Sijui," akasema mtoto. "Zamani kidogo."

Shangazi alimtazama, akavuta benchi karibu. Akamuuliza yukoje huyo baba. Mtoto aliangalia dari mpaka nikadhani amesahau swali.

"Ana mgongo," akasema. "Na simu."

"Na usoni je, mjukuu wangu?"

"Usoni sijui vizuri. Huwa anasema subiri."

Shangazi hakuongeza wala kupunguza. Alifungua kipaza sauti akatangaza: kuna baba amepotea. Ana mgongo. Ana simu. Husema subiri. Amepotea zamani kidogo. Anayejijua aje.

Nilicheka. Halafu nikaona wanakuja.

Walitoka kwenye bembea, kwenye farasi wa mbao, nyuma ya vyoo, wakitia simu mifukoni kwa haraka. Wengine walikuwa wamewashika watoto wao mkono, watoto ambao hawakupotea popote, ila baba zao walitaka kuhakikisha. Dereva wa treni aliiacha treni ikizunguka, akaja mbio. Alikuja mzee mmoja aliyesema mwanawe ni mhandisi na anaishi nchi nyingine, lakini tangazo lilimgusa. Benchi lilijaa, wengine wakakaa sakafuni, wote wakageuza migongo bila kuambiwa. Binti alipita nyuma yao na viatu vyake vya mvua, akikagua mmoja mmoja.

"Si huyu," alisema. "Si huyu." Alipomfikia yule mzee, alimpapasa begani kidogo kabla ya kumpita.

Hapo ndipo meneja alipoingia na fundi na mashine yake, simu sikioni. Alimwambia aliyeko kwenye simu asubiri, akamwambia Bi Kipaza awatoe hao watu, muda wake umekwisha. Kisha akatugeuzia mgongo kumwonyesha fundi ukuta wa kutoboa.

"Ndiye huyo," akasema binti.

Meneja aligeuka, akashtuka. Alikuwa amemwacha kwenye kochi la ofisini tangu asubuhi. Alimshika mkono waondoke, lakini Shangazi alikuwa ameshasimama mlangoni, na Shangazi alikuwa mnene.

"Kaa kwenye benchi, bwana meneja. Mtoto wako amevaa nini?"

"Mama, usinitanie. Nitakufukuza kazi sasa hivi."

"Nifukuze. Lakini ukae kwanza."

Akina baba walisogea, wakampa nafasi. Sijui ni nini kilichomkalisha, labda ni ile nafasi yenyewe, ilivyomtosha. Alikaa, mgongo kwa mwanawe, akafikiri, akasema kwa uhakika: sare ya shule. Shule zilikuwa zimefungwa wiki nzima. Hakuna aliyecheka, hata mimi.

Simu yake iliita. Aliitazama ikiita mpaka ikachoka, akasema labda ni gauni la njano. Hapana. Mtoto alimvuta Shangazi akamnong'oneza sikioni, na Shangazi akakiinua kipaza sauti.

"Ndugu wageni wetu, yule baba amepatikana. Ila bado hajamjua mwanawe. Mtoto anasema atasubiri."

Meneja aliinama, akafunika uso kwa tai. Fundi alikuja dirishani kwangu na mashine mikononi, akaniuliza kwa unyonge aiweke wapi sasa. Nilimwonyesha bwawa la bata, na iko huko mpaka leo.