Ng'ombe wa Kumzuia Mwalimu

Mwalimu wa biashara aliyepanga uani kwangu, Mbulu mjini, alitaka kuondoka, na binti yangu alibakiza miezi mitano amalize chuo. Somo lile lilikuwa na mwalimu huyo mmoja tu. Akienda, ndio basi.

Serikali ilipotukatia mkoa wetu wenyewe, tulidhani mshahara wake nao utapanda. Kumbe vilivyopanda ni vitu. Sokoni, mama wa maharage akiona mkoba wa mwalimu anataja bei nyingine. Na mimi nilipandisha kodi. Naandika na hilo, nisije nikajitoa kwenye lawama.

"Mwalimu, si unafundisha kupanga bei? Mbona huwezi kuomba upunguziwe?" nikamwuliza siku moja.

"Mama, mimi nafundisha. Siuzi."

Jibu gani hilo! Nilichoka naye kabisa.

Kwetu mtu akipungukiwa anaazimwa ng'ombe akae naye: maziwa ni yake, mbolea ni yake, ndama ni wa mwenye ng'ombe. Nikamshikisha ng'ombe wangu mweupe ili asiondoke. Wiki haijaisha, huyo mlangoni na karatasi.

"Shikamoo mama. Nimepiga hesabu. Majani nanunua, yanaletwa na gari kutoka Dongobesh. Maziwa ya dukani ni nafuu."

"Marahaba. Nani alikutuma ununue majani? Majani yanaombwa!"

"Naomba kwa nani, mama? Simjui mtu."

Miaka miwili yuko uani kwangu, sijampeleka hata kwa jirani mmoja. Labda ni kosa langu. Labda naye angetembea, miguu anayo. Sijui, mimi nimeishia la saba.

Nikafunga khanga, nikampeleka kwa jirani mzee mwenye shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa.

"Shikamoo babu," mwalimu akasema.

"Marahaba. Huyu ni wa nani?" mzee akaniuliza mimi.

"Wa kwangu."

"Wa kwako, na amekonda hivi? Unamlisha chaki?" Akacheka mpaka akakohoa. "Mabua yale pale, achukue."

Basi nikawa nimejifunga mwenyewe. Ukishamwita mtu wa kwako mbele ya mzee, kodi ya kupandisha utaidaije? Nikairudisha ilivyokuwa, roho inaniuma, nasonya njia nzima.

Alikaa. Binti alimaliza. Ng'ombe alirudi amepungua mwili. Kidogo tu, nisimsingizie.