Nyama Mu Nyumba

Mtu asinifundishe tandala mdogo. Mwaka 2012 nilikuwa askari wa wanyamapori Lodwar, na nilimtambua hata kwa kipande cha ngozi: mistari myeupe mbavuni, kumi na zaidi, na mabaka mawili meupe shingoni. Dume ana pembe zilizojisokota. Jike hana pembe, basi wawindaji humchuna, wakaapa wanauza mbuzi. Mimi huwauliza tu, ngozi iko wapi?

Mwaka huo kuna mtu aliyekuwa akitega nyaya kwenye mto mkavu nje ya Kakuma. Wiki tatu nzima nilimwinda. Nilikuta nyayo za kwato, nilikuta damu na nyaya, yeye simpati. Nilikasirika hadi chakula hakishuki.

Asubuhi moja, nikiwa Kakuma, Mkongomani mmoja wa kambi ya wakimbizi akanijia mwenyewe, kofia mkononi.

"Shefu," akasema, "niko na nyama ya pori mu nyumba."

Loo! Mdomo umeponza kichwa, nikajisemea. Kabla hajaongeza neno nilishamtia pingu.

"Shefu, ngoja nikuambie..."

"Utamwambia hakimu!"

Tulipofika kwake, mkewe aliziona pingu akapiga yowe. "Juma ijayo tuko na intavyu ya kuhamishwa kwenda ng'ambo! Bwana yangu akikuwa na kesi, sisi na watoto tutabaki hapa!" Nilimwonea huruma, lakini sheria ni sheria. Nikamsukuma mumewe ndani, macho yangu yakitafuta sufuria.

Sufuria haikuwepo. Juu ya gunia alilala ndama wa tandala, masikio makubwa, mistari yote ipo, mguu mmoja umefungwa kitambaa. Alikuwa hai, ananitazama. Kando yake palikuwa na waya uliokatwa, wa aina ileile niliyoiokota mtoni wiki tatu.

Na mimi nilijua vizuri jinsi Wakongomani wanavyosema! Mnyama kwao ni nyama, awe jikoni, awe anakimbia porini. Hasira tu ndiyo iliyoniziba masikio. Niliona aibu, nikakosa pa kutazama.

Ndama akajiinua kwa miguu mitatu, akaja kunyonya vidole vya yule bwana, hapo hapo kwenye pingu zangu.

"Shefu," akaniambia kwa upole, "fungua mukono moja tu. Nyama iko na njaa."