Shingo ya Bibiana

Wifi yangu Bibiana alizaliwa Kalinzi, huko juu kwenye kahawa, enzi ambazo chumvi yenye madini joto ilikuwa haijafika. Rovu lilimwanza shingoni akiwa msichana. Alipofikisha miaka ishirini na mitano lilikuwa kubwa kama ngumi ya mwanamume, na mchumba aliyekuwa naye akaacha kuja, bila hata kutuma neno. Ndipo marehemu mume wangu, Mwalimu Gervasi, alipomleta dada yake akae nasi mjini, Gungu.

Mtandio wa kwanza nilimfunga mimi. Kila Krismasi nilimnunulia mwingine, wa rangi nzuri, nikiamini ninamsitiri. Aliuvaa jikoni, aliuvaa kisimani, aliuvaa mwezi wa kumi joto linapotukaba. Kanisani alikaa nyuma ya nguzo. Ukizitazama picha zetu, Bibiana yuko mstari wa mwisho, au hayupo. Hakuna aliyemwagiza. Alijua pa kusimama.

Mwalimu alipofariki alituachia nyumba, binti yetu Mariana, na jina lake. Nyumba niliikarabati, binti nilimsomesha. Jina ndilo lililonichosha, maana halina likizo.

Mwishoni mwa mwaka tisini na tatu boti zikaanza kushusha watu wa Burundi waliokimbia vita, wakakusanywa uwanjani kando ya ziwa. Masista wakaomba parokiani wapatikane watu wa kutafsiri, kwa kuwa anayejua Kiha husikilizana na Mrundi. Mimi ni mzaliwa wa Tabora, Kiha changu ni cha kununulia dagaa tu. Bibiana akaenda. Alikuwa na miaka arobaini na sita na hajawahi kufanya kazi nje ya ua wetu.

Alikuwa akirudi jioni miguu imevimba. Siku ya tatu aliiweka kwenye beseni la maji, akaikanda mpaka maji yakapoa.

"Kuna mwanamke nilimwambia anisubiri nimtafutie mama yake," akasema. "Nilimpata huyo mama, bibi wa watu, wifi. Nikarudi naye. Yule binti alikuwa ameshanitafuta uwanja mzima, hakunijua. Wanawake wenye vitambaa tuko wangapi pale? Akapandishwa lori la Kasulu. Bibi ameketi pale mpaka sasa."

Asubuhi alitoka bila mtandio. Nilimwita. Hakugeuka.

Pale uwanjani aliwaambia watu, "Mkinitaka, tafuteni shingo hii." Wakaitafuta. Mama aliyepoteza mtoto alielekezwa kwa Mama Shingo, mgonjwa alielekezwa kwa Mama Shingo. Jina likapanda kutoka ziwani hadi Gungu. Mimi niliyeitwa Mama Mwalimu miaka ishirini, nikasikia sokoni, "Mpunguzie huyo, ni wifi yake Mama Shingo." Sikununua kitu siku hiyo.

Mwezi wa pili ikaja posa ya Mariana, ya watu wa Mwamgongo. Kwa Waha shangazi ndiye msemaji wa binti, na baba akiwa kaburini, shangazi huyo ana uzito mara mbili. Nilijua wageni watatazama shingo ile na kuwafikiria wajukuu wao.

"Vaa siku moja tu," nikamwambia.

"Sivai, wifi."

"Basi siku hiyo nenda uwanjani kama kawaida."

"Haya," akasema.

Nikamwomba jirani yangu, Mama Nassib wa Ujiji, akae kwenye kiti cha shangazi. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mimi Mmanyema, Mwislamu, Mama Mwalimu? Wakinisalimu Kiha je? Na wakiniambia nianzishe sala ya chakula?"

"Tabasamu tu."

"Kwa tabasamu hilo utaozesha watoto wa mtaa mzima."

Wageni walitakiwa saa nne. Wakafika saa saba, suti ya msemaji wao, Mzee Nikodemu, imejaa vumbi magotini. Boti yao ilitia nanga Kibirizi pamoja na boti za wakimbizi. Askari mmoja, mgeni mkoani, aliwasikia wakiongea Kiha akawapanga mstari wa kuandikishwa. Posa yetu ilikaa juani kwa muda wa saa tatu ikingoja blanketi.

Mzee Nikodemu akamgeukia Mama Nassib, akamsalimu kwa Kiha kirefu cha heshima.

"Shikamoo," akajibu Mama Nassib, na kutabasamu.

Mzee akajifuta uso.

"Kuna mama ametutoa kwenye ule mstari," akasema. "Alimwambia askari, hawa ni wa Mwamgongo, nawajua kwa matamshi. Tukamuuliza nyumba ya marehemu Mwalimu Gervasi, akatutajia mpaka rangi ya mlango. Tukasema, wewe ni nani kwao? Akajibu, 'Kaulizeni hukohuko.' Basi, mama, tunauliza."

Mama Nassib akainuka. "Wali wangu unaungua," akasema, akatoka.

Mariana alikuwa amesimama mlangoni ananitazama. Nilimtazama pia Mwalimu pale ukutani, kwenye picha ambayo dada yake hayumo.

"Ni Bibiana," nikasema. "Ndiye shangazi wa Mariana. Nilimficha mimi."

"Basi tutamngoja," akasema Mzee Nikodemu. Mariana alishavaa viatu kwenda kumwita.

Bibiana alikuja na vumbi lake, shingo wazi. Nilimkalisha kwenye kiti cha shangazi. Mke wa Mzee Nikodemu alimwangalia bila kujificha, kama wafanyavyo watu wazima.

"Linauma?"

"Haliumi. Linachosha."

"Lakini umelikubali."

"Sijalipenda, mama. Nimechoka kulificha, basi."

Yule mama akamsogezea kigoda cha kuwekea miguu.

Posa ikasemwa. Bibiana akasikiliza yote, akamuuliza Mariana mara mbili kama anamjua kijana huyu, akajibu kwa niaba ya kaka yake kwamba tumepokea. Kisha, wazee wakiwa bado wanapanga siku ya kurudi, akalala palepale kitini. Kichwa kiliegemea nyuma, na rovu lote likawaelekea wageni, likipanda na kushuka na pumzi yake.

Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye mtandio uliokuwa begani mwangu. Nikaushika. Kisha nikauacha, nikamimina chai, na kuwaomba wageni wapunguze sauti.