Macho Mekundu ya Kapata

Citoyen Mukalay, yaani Raia Mukalay kama tulivyoitana siku zile, aliyefundisha hesabu darasa la jirani na langu, alikuwa mtu wa kuudhi. Ukimwambia leo kuna joto, anakuuliza digrii ngapi. Hata hivyo nilimpenda, na mwaka wa 1974 ugonjwa wa macho mekundu ulipoingia Kapata, mtaa wetu wa wafanyakazi wa mgodi, nilimwonea huruma. Jumamosi ya wiki ile alikuwa anamwoa Mbayo. Baba wa msichana, Tata Nkulu, fundi wa mashine kwenye mgodi wa Mashamba, alikuwa amekwisha kuahirisha arusi mara mbili kwa misiba, na sasa akatoa neno: macho mekundu yakiingia kwake, watangoja mwaka ujao.

Mtu mwingine angesali. Mukalay alichukua karatasi ya miraba, akachora nyumba zote za kampuni, mstari kwa mstari, akaanza kupita kila jioni kuuliza nani anaumwa. Alisema ugonjwa unaenea kama tone la wino ndani ya maji, kidogo kidogo, kutoka nyumba hadi nyumba ya pili. Unazidisha wagonjwa wa leo kwa wazima waliobaki, kisha kwa kipimo kidogo cha kukutana kwao, unapata wagonjwa wapya wa kesho. Kwa hesabu yake ungefika mstari wa tisa, kwa akina Mbayo, Jumapili asubuhi, watu wakiwa wameshakula na kucheza. Tulimcheka mpaka mbavu zikauma.

Jumatano hesabu ikamgeuka. Mstari wa pili ulikuwa mzima kabisa, lakini wa sita wote ulikuwa unatoka machozi, na mimi nikiwa mmoja wao. Siku mbili kabla alikuja kuhesabu watu wa nyumba yangu, na kwetu mgeni haachwi aondoke bila bukari, ugali wetu. Alinawa katika beseni moja na sisi, tukala sahani moja.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, alinionyesha karatasi yake. Kando ya kila nyumba alikuwa ameandika tarehe aliyoitembelea. Siku mbili baada ya kila tarehe, macho mekundu.

« Mama Kabedi, ni mi njo natembeza bugonjwa, » alisema. « Nanawa mu beseni ya huku, naenda kunawa mu beseni ya kule. »

« Na kwa Tata Nkulu? »

« Kule nasimamaka ku mulango, nasalimia na mbali. Mukwe anakulaka mbele ya mama-mukwe? »

Nilimshauri afunge mdomo na kukaa kwake hadi Jumamosi. Wapi! Jioni ile ile alikwenda kwa Tata Nkulu kuungama, nami nikamfuata kwa hofu. Alisimama nje, akaeleza yote, beseni kwa beseni. Tata Nkulu alitoka hadi mlangoni.

« Ungenyamaza, nani angeyua? »

« Mi ningeyua, Tata. »

Mzee aligeuka, akamwambia mkewe aendelee kuloweka mihogo ya arusi. Nilishusha pumzi.

Jumamosi bwana arusi alitokea na abacost mpya, lile koti la siku zile lisilo na tai, na macho yamevimba kama nyanya. Yalikuwa yamempata naye, mwisho wa wote. Nusu nzima ya wageni tulikuwa hivyo hivyo, tukipangusa machozi na kuchekana. Mbayo na watu wa kwao walikuwa bado na macho meupe. Mukalay alirudi nyuma hatua moja.

« Ukae mbali, » alimwambia. « Ukinigusa, mu siku mbili uko mugonjwa. Nilishapiga hesabu. »

Mbayo alimnyang'anya leso mkononi, akampangusa machozi, jicho moja, kisha la pili, bila haraka. Akaikunja leso ile ile, akajipangusa nayo uso wake, mbele ya baba yake na mbele yetu sote.

« Andika, » alisema. « Siku ya kwanza ni leo. »

Mimi nililia, na mtu asiniambie ni ule ugonjwa.