Kidole cha Hatibu, Nyundo ya Abasi

Hatibu alimchukia shemeji yake Abasi chuki ya wazi, na mji mzima wa Morogoro ulijua sababu.

Zamani walikuwa wakila sahani moja. Hatibu alimwoa Asha, dada yake Abasi, na Wajerumani walipoleta reli, wote wawili waliingia kazi kwenye daraja la chuma la mto Ngerengere. Kazi yao ilikuwa kugonga ribiti, zile pini nene zinazopigwa zikiwa nyekundu kwa moto ili zishike vyuma pamoja. Hatibu na wenzake waligonga upande wa Kingolwira, Abasi na wenzake upande wa mjini. Siku moja ribiti kadhaa za upande wa mjini zikakutwa zimegongwa zikiwa zimekwisha kupoa. Abasi alipomwona askari anakuja na kiboko, akanyoosha kidole.

"Hatibu ndiye aliyeshika zamu yangu," alisema.

Hatibu akalazwa kifudifudi mbele ya vibarua wote, akala hamsa ishirini, viboko ishirini na tano. Kila alipoinua kichwa alimwona shemeji yake amesimama kando, anatazama mto.

Daraja lilipokwisha, vibarua walipelekwa mbele kuelekea Kilosa. Wawili hao wakabakizwa kulikagua. Injinia mwenyewe aliwachagua, Mjerumani mkavu ambaye watu walimwita Bwana Masizi, kwa sababu ya kioo chake. Alikuwa akikipaka masizi, anakifunga chini ya daraja, kisha anaweka sindano iguse kile kioo. Gari moshi likipita, daraja hutikisika na sindano huchora. Mchoro ukiwa mwembamba, alikunja vyombo vyake akaenda kunywa kahawa. Ukiwa mpana, aliwatuma Hatibu na Abasi watafute palipolegea.

Kutafuta kwenyewe kulihitaji watu wawili. Mmoja hupiga kichwa cha ribiti kwa nyundo, mwenzake huweka kidole upande wa pili. Ribiti iliyokaza hunyamaza, iliyolegea hutetemeka chini ya kidole. Abasi alipiga, Hatibu alishika. Mwezi wa kwanza tu nyundo iliteleza, ikamponda Hatibu ukucha.

"Imeteleza," Abasi alisema.

"Najua ilivyoteleza," Hatibu alijibu, akakifunga kidole kitambaa, akaweka kingine.

Masika ya pili yakaja mabaya. Mto ulishuka kutoka Uluguru ukiwa mwekundu, umebeba migomba na magogo, na magogo yakawa yanagonga nguzo za daraja. Mvua ilipotulia kidogo, Bwana Masizi aliamuru behewa lijazwe mawe, likapitishwa polepole. Alikitoa kioo chake. Mchoro ulikuwa mpana kama kiganja.

"Upande wa mjini," alisema kwa Kiswahili chake cha kukatakata. "Tafuta. Kesho gari ya vibarua inatoka Dar es Salaam."

Wakapanda. Ribiti za mwanzo zilinyamaza. Walipofika kwenye kona inayoshika nguzo, ile aliyoigonga Abasi na wenzake, Abasi alipiga, na Hatibu akahisi kitu kama mbu amenaswa chini ya kidole. Akasogea kwenye inayofuata. Nayo ilitetemeka. Mstari mzima.

Abasi alikuwa amekwisha kumsoma uso. Aliishusha nyundo.

"Shemeji," alisema. Neno hilo hakuwa amelitamka tangu siku ya kiboko. "Mwambie ni moja tu. Nitakuja mwenyewe na moto, nizigonge upya taratibu."

"Lini? Gari ni kesho."

"Limepita behewa la mawe, daraja limesimama. Vibarua ni wazito kuliko mawe?"

"Mto haujapungua, Abasi."

"Unataka nipigwe. Sema tu! Unataka nilale pale ulipolala wewe."

Hatibu alijua ni kweli. Alitaka. Alikuwa akilitaka jambo hilo kila alipojigeuza kitandani mgongo ukimuuma. Na papo hapo alikuwa akiwaona watu wamesongamana kwenye mabehewa, chini yao yale maji mekundu. Alishindwa kujua ni lipi kati ya hayo mawili lililomsukuma kushuka.

"Bwana," alimwambia injinia, "kona yote imelegea. Usipitishe gari."

Gari la vibarua lilizuiwa stesheni ya Ngerengere. Mafundi waliletwa, wakang'oa ribiti zote za kona na kugonga nyingine. Abasi akalazwa kifudifudi. Hatibu aliamriwa kusimama kushuhudia, akasimama. Alidhani atafurahi. Alihesabu fimbo tano, kisha akajikuta anatazama mto.

Jioni Asha alikuwa amefunga nguo zake kwenye kanga.

"Ulimshtaki kaka yangu," alisema.

"Yeye hakunishtaki mimi? Tena kwa uongo!"

"Wewe ulipopigwa nilikukanda mgongo. Leo nakwenda kumkanda yeye."

Akaondoka. Hatibu alikaa mfungo mzima akifuturu peke yake. Siku moja alikwenda nyumbani kwa mkwewe kuomba radhi, na Abasi ndiye aliyemfungulia mlango.

"Umeleta kidole chako kupima nini?" aliuliza.

"Nimemfuata mke wangu."

"Ungezama na daraja lako, ningekuja kukuzika nikicheka."

"Na mimi ningekuzika bila kunawa mikono," Hatibu alijibu, akageuka.

Asha alirudi mwenyewe baada ya sikukuu, mtungi wa maji kichwani, kama mtu aliyetoka kisimani. Aliutua, akasimama mlangoni.

"Nimerudi nyumbani kwangu," alisema. "Humu ndani kaka yangu hatajwi. Na kwake nimemwambia wewe hutajwi."

Abasi alihamia Ngerengere, akawa anapakia kuni za gari moshi. Hatibu akaendelea kukagua daraja na mtu mwingine, Mluguru wa Matombo asiyependa maneno. Mara nyingine gari lilipopita, Hatibu akiwa chini ya vyuma, alimwona Abasi amekaa juu ya kuni. Abasi alitema mate mtoni. Hatibu alingoja daraja liache kutikisika, akaweka kidole kwenye ribiti iliyofuata.