Ruhusa ya Saa Nne na Dakika Arobaini na Moja

Ofisini tulimwita Hakimu, na hatukumwita hivyo kwa heshima. Wasaidizi wa akili mnemba walipoletwa kuandika programu badala yetu, sisi wengine tuligundua upesi kwamba kazi iliyobaki ni kubonyeza kitufe cha kuruhusu. Msaidizi anaandika, anafika mahali, anasimama na kuuliza kama aendelee. Unabonyeza, anaendelea. Hakimu yeye alikuwa anasoma kwanza. Alisoma kila mstari, kidole juu ya kioo, midomo ikicheza, ndipo aruhusu. Sisi tuliendesha wasaidizi sita au saba kwa mpigo, yeye wawili. Akivuta kiti karibu na meza, yule jamaa wa dirishani anasema, "Kimya, mahakama imekaa," na chumba kizima kinaangua kicheko. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu meza yangu ilikuwa jirani na yake na nilitaka wajue siko upande wake.

Alikuwa na miaka hamsini na mmoja. Alianza kazi akiwa mpiga chapa wa ofisi ya ardhi, enzi za mashine za chuma, na siku moja alirudishiwa kurasa arobaini azipige upya kwa sababu ya tarakimu moja kwenye nambari ya kiwanja. Zilipokuja kompyuta alizisomea kwa vitabu vya kuazima, watoto wawili mgongoni na mume keshaondoka, mpaka akawa mwandishi wa programu anayetegemewa. Mimi nilipoajiriwa, na cheti changu kipya na majivuno yangu, ndiye aliyekaa nami miezi mitatu akinionyesha kazi inavyofanywa. Hakuwahi kunikumbusha wema huo hata siku moja. Aliniita mdogo wangu, nami nilimwita dada tukiwa wawili. Tukiwa wengi nilimwita Hakimu.

Kitu kimoja tu alikiogopa, na alinieleza mimi peke yangu, mchana mmoja tukinywa chai kwenye ngazi. Mama yake mzazi alianza kusahau akiwa na miaka hamsini na miwili. Alianza na funguo, yakafuata majina, mwishoni akawa anamwita binti yake "nesi" na kumwomba kwa adabu amrudishe nyumbani, ilhali amelala nyumbani kwake, kitandani kwake.

"Kila mwaka siku yangu ya kuzaliwa najipima," aliniambia. "Nayataja majina ya wote niliosoma nao darasa la kwanza. Siku nikikosa hata moja, nitajua imefika."

"Acha wasiwasi, dada," nikamjibu. "Sisi tutasahau kabla yako."

Akacheka, akanimalizia chai yake kwenye kikombe changu.

Sasa nijitaje mwenyewe. Nilitengeneza dashibodi. Ulikuwa ukurasa mmoja unaowaonyesha wasaidizi wote wa ofisi, kila mmoja na mstari wake na taa yake: kijani anafanya kazi, njano anasubiri ruhusa, nyekundu amekwama. Ukikaa mbele ya kioo changu uliweza kumwongoza msaidizi wa mtu yeyote bila kuinuka. Haikuwa mtandaoni. Iliishi ndani ya kompyuta yangu, na kila kitufe nilichobonyeza kilijiandika humo, si kwingine. Kwenye seva ya kampuni ruhusa ilionekana imetoka kwa mwenye msaidizi, basi.

Bosi aliipenda mno. Alisema itawekwa ukutani, kwenye televisheni kubwa, na kwamba kitengo kitahitaji mkuu wa kuisimamia. Hakunitaja, ila alinitazama mimi, na kichwa kikanivimba wiki nzima. Akaagiza kila mtu aunganishwe. Hakimu alikubali shingo upande, wa mwisho kabisa, siku ya Jumatatu.

Jumanne, yapata saa nne u nusu asubuhi, simu yake ililia. Alisikiliza akiwa amesimama, ameegemea meza, mkono mmoja juu ya kibodi. Rangi ilimtoka usoni.

"Mdogo wangu, binti yangu kaanguka shuleni, mkono umevunjika. Nakimbia. Niangalizie hawa wawili, lakini usiwaguse. Huyu wa pili yumo ndani ya rejista halisi ya hospitali ya macho, si ya majaribio. Akiuliza lolote, mwache asubiri mpaka nirudi."

"Nenda, dada. Usijali."

Hakuwa hata amefika chini ya ngazi nilipobonyeza. Nataka niliseme hili bila kulipaka rangi. Bosi alikuwa anakuja na mgeni, nikasikia viatu vyao kwenye korido, na kwenye kioo changu kulikuwa na taa nne za njano. Nilitaka mgeni aikute safu nzima ikiwa kijani. Nikashuka nazo moja baada ya nyingine: ruhusu, ruhusu, ruhusu, ruhusu. Ya tatu ilikuwa ya msaidizi wake wa pili. Aliandika kwamba amekuta jedwali la miadi lina muundo wa zamani na anaomba ruhusa alifute, alijenge upya. Maneno hayo niliyasoma baadaye. Wakati ule niliona kijani, na mgeni akasema, "Safi sana."

Alirudi saa nane, binti keshafungwa plasta na kulazwa kwa jirani. Akaniuliza kama wameuliza chochote. Nikamwambia wametulia tu. Nusu saa baadaye hospitali ikapiga simu: orodha ya waliopangiwa upasuaji ilikuwa tupu, yote, mpaka jina la mwisho.

Nakala ya akiba ilipatikana, lakini ya siku kumi na moja nyuma. Watu mia tatu na kumi na sita waliopewa tarehe ndani ya siku hizo walipotea. Kesho yake asubuhi wa kwanza wao walifika, wamefunga kula kama walivyoagizwa, wakaambiwa hawamo. Tulitumwa sisi wawili kwenda kuwaandika upya kwa mkono. Kuna mama alikuja na mto wake wa kulalia kwapani. Alikuwa amesubiri miezi saba na haoni zaidi ya vivuli, na alimwomba Hakimu msamaha akidhani yeye ndiye aliyekosea siku. Hakimu alilia mbele ya watu. Mimi niliendelea kuandika majina.

Seva ya kampuni ilionyesha ruhusa ilitolewa saa nne na dakika arobaini na moja, kwa jina lake. Simu kutoka shule ilimfikia saa nne na dakika thelathini na nane. Aliziweka saa hizo mbili kwenye karatasi, akaziangalia muda mrefu.

"Mdogo wangu, niambie kweli. Ulibonyeza kitu?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo tangu jana yake. Nilijua nikisema ndiyo, dashibodi haitafika ukutani, na mimi nitamwaga unga.

"Hapana, dada. Niliwakuta wote wawili kijani. Nilidhani umeshawaruhusu kabla hujatoka."

Niliongeza sentensi ile ya mwisho kwa hiari yangu. Hakuna aliyeniomba.

Akaitazama mikono yake. "Nilikuwa nimesimama," alisema taratibu. "Mkono ulikuwa kwenye kibodi. Sikumbuki kubonyeza." Kisha akarudia, kwa sauti nyingine kabisa, "Sikumbuki."

Hapo ndipo nilipomwona akivunjika, na nilijua kinachomvunja. Kufukuzwa kazi hakukuwa kitu kwake. Alikuwa anamwona mama yake. Neno langu moja lingemtoa pale, nami nilikuwa nalo mdomoni. Nikalimeza.

Mchana huo niliufungua mstari wa ile ruhusa kwenye kompyuta yangu: saa, msaidizi, kitufe, na mkono uliobonyeza, ambao ni wangu. Nikamwagiza mmoja wa wasaidizi wangu afute orodha yote ya matukio ya mwezi ule. Akasimama, taa ikawa njano, akauliza kama nina uhakika, kwa maana haitarudi. Swali hilo nililisoma mara mbili, neno kwa neno. Nikaruhusu.

Kwenye kikao hakungoja kuulizwa. Alisimama akaeleza habari za mama yake mbele ya kila mtu, ugonjwa, umri, mpaka lile neno "nesi", akasema ni haki kampuni ijue. Bosi alikuna kidevu, akasema, "Basi Hakimu kajihukumu mwenyewe," na watu wawili wakacheka kabla hawajajua wanacheka nini. Tangu siku hiyo walianza kumsemesha kama mtoto. "Dada, umekumbuka kula?" "Dada, choo ni kule." Akisahau miwani kichwani, kama tunavyosahau sote, ofisi ilitazamana. Alikwenda kwa daktari, akapimwa, akaambiwa haonekani na tatizo.

"Hata mama walimwambia hivyohivyo mwanzoni," aliniambia.

Mwisho wa mwezi aliacha kazi mwenyewe. Kuagana kulichukua dakika kumi na mbili, kwa sababu mafundi wa televisheni walikuwa wanasubiri nje na ngazi yao. Waliipachika ukutani siku hiyohiyo. Jumatatu nikawa mkuu wa kitengo.

Miezi minne nilikaa hivyo. Sisemi nilikosa usingizi. Nililala vizuri tu na nikanenepa. Kilichonipeleka kwake ni kwamba nilikutana na binti yake kituoni, yule wa mkono, amebeba begi kubwa. Akaniambia mama anampeleka akaishi kwa mjomba mji mwingine, na hajui amekosa nini. Alikuwa analia waziwazi, watu wanamtazama. Jumamosi iliyofuata nikaenda.

Mlango ulifunguliwa na dada yake mkubwa, mwanamke wa maneno machache, aliyehamia pale kumwangalia. Ndani kila kitu kilikuwa na karatasi. Kwenye jiko: zima. Kwenye mlango wa nyuma: funga mara mbili. Kwenye ukuta kulikuwa na picha za watu wa familia, na chini ya kila picha jina na uhusiano, mpaka watoto wake mwenyewe. Alikuwa amepungua. Alinikumbatia, akataja jina langu kamili na la baba yangu, halafu akamtazama dada yake kama mwanafunzi aliyepata jibu.

"Binti nimempeleka mapema," alisema tulipoketi. "Aniache akiwa bado ananijua na mimi namjua. Mimi niliitwa nesi. Sitaki naye aitwe nesi."

Nikamwambia. Nilimwambia yote bila kupunguza: viatu vya bosi, taa nne, ya tatu yake, uongo wangu, orodha niliyoifuta. Nilimwambia hana ugonjwa wowote, hajawahi kuwa nao. Alinisikiliza mpaka mwisho, na nilipomaliza alinishika mkono, akautikisa kidogo.

"Mdogo wangu, una moyo mzuri."

"Dada, nasema kweli. Ni mimi."

"Imeandikwa wapi?"

"Niliifuta."

Akatabasamu, tabasamu la huruma, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Akamgeukia dada yake. "Unaona? Katoka kwake Jumamosi asubuhi, kajibebesha kosa langu ili nipate nafuu. Ndiye niliyekusimulia habari zake. Ndiye pekee ofisini ambaye hakunisemesha kama mtoto."

"Dada—"

"Ulinitazama machoni ukaniambia hukubonyeza. Mtu niliyemlea kazini angenitazama machoni akanidanganya, kisha akaniacha nisimame mbele ya watu nikamtaja mama yangu?" Akatikisa kichwa. "Hapana. Huyo simjui."

Ningeweza kupiga magoti. Ningeweza kumwita bosi kwa simu palepale, nikaitangaza habari mbele ya mashahidi. Mawazo hayo yalinijia yote mawili, nami nikayaacha yapite, kwa sababu kifuani kulikuwa kumefunguka kitu, na kitu hicho kilikuwa furaha. Nilikuwa nimekiri, na nilikuwa sijapoteza chochote.

Dada mtu alisimama, akaniambia chinichini, "Maneno haya usimrudie tena. Ilichukua miezi akubali. Leo usiku ataanza upya kujiuliza, na mimi ndiye nitakayekesha naye."

Hakimu alikwishasikia. "Kweli, nitayasahau nusu, nusu itanisumbua," alisema. Akavuta daftari kutoka chini ya mto wa kochi, akatafuta ukurasa mtupu, akaandika tarehe. Aliandika polepole, kwa ule mwandiko wake wa mpiga chapa, kila herufi imesimama, huku akinisomea kwa sauti: "Leo mdogo wangu wa kazini amekuja. Ameniambia ni yeye aliyebonyeza. Ni uongo wa upendo. Nisiuamini."

Akanigeuzia daftari na kunipa kalamu.

"Nisomee wewe, macho yangu yanaruka mistari siku hizi. Nimeandika sawasawa?"

Nikasoma.

"Sawasawa, dada," nikasema.